Mawe ya Nyapara

Ukizungumza na yule mzee, macho yake yalitua kwenye sikio lako la kushoto. Mgeni asiyejua angedhani anadharauliwa, na wapo waliowahi kugeuka kuangalia ni nani amesimama nyuma yao. Haikuwa dharau. Daktari wa macho alimchorea duara kwenye karatasi, akalipaka wino katikati: pembeni mwa jicho bado ni pazima, katikati pamechakaa, na palipochakaa hapatarudi. Anayetaka kumwona mtu amtazame kando yake. Mzee alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na mitatu. Somo hilo alilichukua kama alivyochukua vipimo vyake vyote: alilirudia mara tatu, kisha akaliamini.

Binti yake alihamia kwake miezi miwili baadaye. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mfanyakazi wa maabara ya hospitali, na wenzake kazini walimwita Mizani kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema "kama kijiko hivi" kuhusu kitu chochote. Jina lilimfuata mpaka nyumbani. Hata shangazi yake alilitumia, hasa alipotaka kumchokoza.

Siku ya kwanza Mizani alipita chumba hadi chumba na daftari. Alikunja zulia lililoweza kumkwaza baba yake. Alihamisha kabati la viatu kutoka upande wa kushoto wa koridoni hadi upande wa kulia, ambako ukuta ulikuwa umeingia ndani kidogo, na njia ikapanuka kwa sentimita ishirini na sita. Baba yake hakusema kitu. Wiki ile aligonga ugoko kwenye kabati mara mbili, na Mizani akaandika daftarini kwamba uoni wake unazidi kushuka.

Kitu kimoja tu hakukigusa, nacho ni tangi la samaki pale sebuleni. Lilikuwa la kioo, urefu sentimita mia moja na ishirini, limejaa maji ya chumvi na mawe meusi kumi na moja, na ndani yake alikuwemo samaki mmoja. Mama yake Mizani, marehemu sasa, alimnunua miaka kumi na minne nyuma akiwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba, mweusi tii mwenye madoa matatu meupe, moja kwenye paji na moja kila ubavu, mzuri kama dadu. Dukani jamii hiyo huitwa damseli. Hukaa miambani, hawafi ovyo, na karibu wote ni wagomvi wa mipaka. Yule mdogo alikua mpaka akajaa kiganja. Madoa yakafifia, yakaisha. Kila mwenzake aliyeletwa alimfukuza mpaka akamwua. Ni mama aliyempa jina la Nyapara. "Kazi hafanyi," alikuwa akisema, "lakini tazama anavyosimamia."

Asubuhi moja, wakinywa chai, mzee alisema:

"Mpigie mwenye duka la samaki. Aje achukue tangi lake."

"Kwa nini, baba?"

"Nalisha maji. Kila asubuhi natia chakula, naona maji. Halafu natia kidole, na maji yananing'ata."

Ni kweli aling'atwa. Kila asubuhi, baada ya kutia chakula, mzee alichovya kidole cha shahada juu ya jiwe la tatu kutoka kushoto, mlangoni kwa Nyapara, na Nyapara alipanda na kukiuma. Ilikuwa salamu yao. Mizani alikuwa amenunua plasta kwa ajili hiyo. Lakini samaki mweusi mbele ya jiwe jeusi, kwa jicho lile, hakuwa samaki tena.

Mizani aliyajua mengine ambayo baba yake hakuyasema. Alikuwa ameyaandika. Mzee alikaa mbele ya tangi saa mbili na nusu kwa siku. Alikunywa chai pale, alisikiliza redio pale, alipokea wageni pale. Saa nyingine zote alikuwa amelala kitandani ameelekea ukutani. Ukiondoa tangi, kinachobaki ni kitanda.

"Nipe wiki sita," alisema. "Nikikupatia samaki unayeweza kumwona, tangi linabaki. Nikishindwa, nitampigia simu mwenye duka mimi mwenyewe."

Mzee alilitazama sikio lake kwa muda.

"Wiki sita. Na Nyapara haendi popote."

"Sijasema aende."

"Nakujua. Ungeanza na hilo."

Alianza na makaratasi. Alikata samaki watano wa karatasi ngumu, kila mmoja sentimita sita, akawapaka rangi za damseli wanaouzwa, akawafunika kwa plastiki na kuwafunga kwenye vijiti. Baba yake akakaa mita moja kutoka kwenye kioo. Mizani akamwingiza kila samaki majini mara kumi, bila mpangilio, mbele ya mawe meusi, na kila mara mzee akasema "naona" au "sioni". Mara kumi nyingine aliingiza kijiti kitupu, ili ajue kama baba yake anasema "naona" kwa huruma.

Shangazi aliwakuta katikati ya kazi hiyo. Alikuwa dada mdogo wa mzee, akikaa mtaa wa pili, na hakuwa na mazoea ya kubisha hodi zaidi ya mara moja.

"Haya makubwa!" alisema, mikono kiunoni. "Kaka, umeona nini?"

"Mkia. Unatembea peke yake."

"Ukistaajabu ya Musa. Na wewe Mizani, umri huu unacheza na samaki wa karatasi? Wenzako wa rika lako wanacheza na wajukuu."

"Shangazi, umesimama kwenye mwanga."

"Samahani, daktari," alisema shangazi, akakaa kuangalia mpaka mwisho.

Matokeo yalikuwa haya. Samaki wa manjano alionekana mara tisa. Wa mistari meusi na meupe, mara nane. Wa buluu mwenye mkia wa manjano, mara saba, na mara zote mzee aliona mkia tu. Wa kijani cha kung'aa, mara tano. Wa buluu mtupu, mara mbili. Kijiti kitupu pia mara mbili, yaani kwa mzee buluu na bure vilikuwa kitu kimoja. Mizani alizitazama zile mbili za kijiti kitupu kwa muda mrefu kuliko zote. Hakumwambia baba yake.

Mwenye duka la samaki alikuwa mama mfupi mwenye taulo begani na mikono iliyonyauka kwa chumvi. Aliisoma karatasi ya matokeo kama mtu anayesoma cheti cha ndoa.

"Nimeuza samaki miaka ishirini," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniletea mtihani walioufanya samaki. Huyo mweusi wenu ana umri gani?"

"Miaka kumi na minne."

"Hapo humnunulii mwenzake, mama. Unamnunulia mboga. Mgeni njoo, mwenyeji apone? Kwa damseli ni mgeni njoo, mwenyeji ashibe."

"Ndiyo maana nimekuja kuuliza. Hawa wa mistari?"

"Ukoo wake huyo huyo. Tabia ndiyo hiyo hiyo."

"Wa kijani?"

"Wapole. Wapole mno. Lazima wawe kundi, na hata bila adui wanapungua mmoja mmoja, hujui wanakwenda wapi. Wa buluu mtupu usiniulize. Sura malaika, roho nyingine kabisa. Fahali wawili hawakai zizi moja. Hao ni fahali wenye mapezi."

"Wa manjano?"

"Wana hasira zao, lakini wanajitetea. Wa mkia wa manjano ndio wastaarabu kuliko wote. Wadogo, hawakui sana, wanakaa watano bila kesi."

Mizani alilinganisha. Mstaarabu alikuwa na alama saba, mwenye hasira alikuwa na tisa. Lengo lilikuwa baba yake aone. Akachukua wawili wa manjano.

Walidumu saa ishirini na moja. Asubuhi ya pili mmoja alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga, mapezi yamechanika hadi mfupani, na wa pili alikuwa amejibana nyuma ya bomba la pampu huku Nyapara akimzunguka. Mizani alimtoa kwa wavu, akamrudisha dukani. Mzee hakuuliza ni yupi aliyekufa. Aliuliza tu, "Alikuwa wa manjano kweli?" Mizani akasema ndiyo, wa manjano kweli. "Nilimwona," alisema mzee. "Jana, kama saa kumi. Alipita."

Dukani, mama wa taulo hakumcheka. Alivuta stuli.

"Sikiliza. Huyo mweusi wenu hana nguvu kuliko wengine. Anachowashinda ni kujua. Anajua kila shimo, kila kona, mgeni hajui hata pa kujificha. Sasa wewe mpangulie nyumba. Hamisha mawe yote, lisibaki hata moja mahali pake. Ndiyo siku hiyo hiyo uingize wageni. Samaki asiyejua kwake ni wapi hana muda wa kumfukuza mtu."

Mizani aliupenda ushauri huo kwa sababu ulikuwa na sababu ndani yake. Aliuhakiki katika vitabu viwili, navyo vikakubaliana. Safari hii alichagua watano wa mkia wa manjano. Siku ya kumi na tisa, Jumamosi, baba yake akiwa kwa shangazi, alivaa glavu ndefu, akatoa mawe yote kumi na moja, akayapanga upya. Kazi ilichukua saa moja na dakika arobaini. Hakupiga picha ya mpangilio wa zamani. Hakuona sababu ya kuhifadhi mpangilio wenye kasoro. Aliwazoesha wageni maji taratibu, tone kwa tone kwa mpira mwembamba, saa mbili nzima, kisha akawaachia.

Ikawa kama alivyoambiwa. Nyapara alizunguka tangi lote mara sita akigusa kila jiwe kwa mdomo, kama mtu aliyerudi safari akakuta kufuli si lake. Halafu akajificha nyuma ya pampu. Watano wakatawanyika, wakapekua mashimo, wakaanza kula. Saa kumi jioni Mizani aliandika: "Majeruhi: sifuri." Alipiga mstari chini yake, jambo ambalo si kawaida yake.

Mzee alirudi na shangazi kabla ya jua kuzama. Mizani alimkalisha kitini.

"Tazama kona ya juu, kwenye kipimajoto," alisema. "Katikati patakuja penyewe."

Mzee alitazama kipimajoto. Halafu uso wake ukalegea.

"Mikia," alisema. "Mmoja. Wawili. Yule kule. Wanne, la, watano."

"Watano," alisema Mizani.

"Mashallah," alisema shangazi, ambaye huzuiwa na vitu vichache sana kusema mengi.

Kisha mzee alikunja mkono wa shati, akainuka, akachovya kidole majini, juu ya jiwe la tatu. Alingoja. Kidole kilishuka kidogo, kikatafuta jiwe, hakikulikuta. Kilikwenda kushoto, kikarudi kulia. Kiganja kizima kikaingia majini na kupapasa maji matupu. Mzee alitoa mkono, akaufuta polepole kwenye shati, kidole kimoja kimoja.

"Nani kang'oa bikoni?" aliuliza.

Bikoni ni yale mawe au vyuma ambavyo mpima ardhi huzika kwenye kona za kiwanja. Mizani alikuwa amekua akilisikia neno hilo mezani kila siku.

"Nimehamisha mawe, baba. Bila hivyo angewaua. Kimfumo ni..."

"Katika kazi yetu," alisema mzee, "mtu akijenga vibaya, tulimwonya. Aking'oa jiwe la mpaka, tulimshtaki." Hakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. "Naiona mikia, mwanangu. Mizuri. Lakini sijui iko wapi. Mkia unapita, unapita karibu na nini? Zamani nilikuwa naona kidogo, na kilichobaki nakijua. Sasa kilichobaki sikijui."

"Utakizoea."

"Huenda. Na Nyapara yuko wapi?"

"Nyuma ya pampu."

"Anafanya nini?"

Mizani alitazama. "Hafanyi kitu."

"Hata mimi," alisema mzee. "Mpigie tu yule mama. Umejitahidi, nimeona. Lakini mpigie."

"Bado wiki tatu na siku mbili."

Mzee akaelekea chumbani kwake. Koridoni ulisikika ugoko ukipiga mbao, na pumzi ikivutwa kwa meno. Shangazi aliokota mkoba wake.

"Mizani," alisema, safari hii bila kuchokoza, "umempangulia samaki nyumba. Huyu mwingine umempangulia lini?"

Alipoondoka, Mizani alifungua daftari. Mzee alikuwa amegonga ugoko mara nne tangu yeye ahamie. Zote nne kwenye kabati la viatu. Alitafuta kumbukumbu ya kabla ya kabati kuhamishwa, akakumbuka kwamba haipo, kwa sababu alilihamisha siku ya kwanza. Katika maabara yake, mfanyakazi anayebadilisha kitu kabla ya kupima hali ya mwanzo huitwa ofisini.

Asubuhi alipeleka chai chumbani.

"Baba, kabla sijaja, ulikuwa unagonga ugoko?"

"La."

"Hata mara moja?"

"Koridoni? Nilikuwa natembea na kikombe mkononi."

"Mbona hukuniambia?"

Mzee alilitazama sikio lake.

"Ulikuwa umepima," alisema.

Mizani alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakuwa mtu wa kulia, na hakulia. Alisema, "Nataka unisaidie kurudisha mawe. Sikuyachora. Wewe ndiye unayejua yalikuwa wapi."

"Na hao watano? Nyapara akirudi kwake atawamaliza."

"Nimelifikiria hilo. Kama mawe hayaondoki, aondoke mwenye mawe. Siku kumi na nne, si zaidi. Wageni watangulie kujua mashimo."

"Tulikubaliana haendi popote."

"Haendi popote. Atakaa humohumo tangini, ndani ya boksi la plastiki lenye matundu. Anawaona, wanamwona, hawezi kuwagusa."

"Mahabusu."

"Likizo."

Mzee alicheka kwa pua. Halafu akafumba macho kama mtu anayesoma ramani kichwani.

"Tundu la jiwe la tatu tulizibe," alisema. "Kwa kokoto. Kiwanja cha mtu aliye safarini hakigawiwi. Hao watano wachukue vingine, vipo kumi. Akitoka, akute chake kitupu, asiwe na sababu ya kuanza vita."

Hilo Mizani hakulikuta katika kitabu chochote kati ya vile viwili. Alilipima kila upande, akaona limekamilika.

Walifanya kazi Jumapili hiyo tangu saa tatu. Mawe yalikuwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Nyapara alikuwa tayari ndani ya boksi lililoning'inizwa upande wa kulia, akiwagongea walimwengu kwa pua. Mzee alikunja mikono ya shati hadi juu ya kiwiko, akalishika kila jiwe kabla halijaingia, akaligeuza, akaliwekea kidole kwenye shimo.

"Hili ni la kwanza. Lina matundu mawili na kovu. Kutoka kioo cha kushoto, kumi na saba. Kutoka kioo cha mbele, tisa. Tumbo litazame ukuta."

Mizani alishika rula ndani ya maji. Mkono wa baba yake ulishuka na jiwe, ukalitua, ukalisukuma kidogo kwa kiganja.

"Soma."

Ilikuwa kumi na sita na milimita nane.

"Kumi na saba," alisema Mizani.

"Mama yako ndiye aliyeshika rula mara ya kwanza. Alisimama hapo hapo uliposimama. Alikuwa anasoma vibaya makusudi ili nirudie. Siku nzima ikaisha." Alifuta povu kwenye kiwiko. "Nilijua. Nilikuwa mpima ardhi, ningekosaje kujua? Lete la pili."

Jiwe la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote, na shimo lake lilikuwa limelainishwa mlangoni na miaka ya mwili mmoja kuingia na kutoka. Mzee alilishika kwa muda. Mizani alitia kokoto kwenye shimo, akaikaza kwa kidole gumba. Jiwe la kumi na moja liliingia saa saba kasoro. Ilipofika hapo wote wawili walikuwa wamelowa hadi kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie, Mizani hakujua ni saa ngapi mpaka alipoangalia.

Siku zilizofuata mzee alitoka chumbani mapema. Mikia ilianza kuwa na anwani. "Mkia wa jiwe la tano ni mvivu," alimwambia shangazi. "Wa jiwe la nane anapita kila mara kwa jirani." Shangazi akasema mtaa wake nao una watu wawili wa namna hiyo, akawataja. Mizani alikaa nyuma yao na daftari, akalinganisha. Baba yake aliona mkia kwa sehemu tu ya muda. Sehemu nyingine alijua mahali ulipo kwa sababu alijua ulipotoka na jiwe lililokuwa mbele yake. Alikosea mara tatu katika ishirini. Mizani alifikiria kumwambia, akaona hesabu ya kumi na saba haihitaji maelezo.

Kidole alikipeleka kwenye boksi. Nyapara aligonga tundu kutoka ndani, hakufika.

"Vumilia, mzee mwenzangu," mzee alimwambia. "Hata mimi natazama dunia kwa matundu."

Siku ya kumi na nne ya likizo ya Nyapara walikuwa watatu mbele ya kioo, asubuhi, taa imewashwa. Zilikuwa zimebaki siku nane katika zile wiki sita, na hakuna aliyezitaja. Mizani alitoa ile kokoto kwa kibano kirefu. Aliweka wavu na ndoo karibu, endapo. Kisha akafungua kifuniko cha boksi.

Nyapara alikaa ndani muda wa kuhesabu hadi thelathini. Halafu akatoka, hakutazama kushoto wala kulia, akakata maji moja kwa moja hadi jiwe la tatu, akaingia shimoni kwa kichwa, akageuka, akatoa pua nje.

"Amefika kwake," alisema Mizani.

"Najua," alisema mzee.

Vita havikukosekana. Alitoka akamfukuza wa jiwe la nne, na wa jiwe la nne akapotelea kwenye tundu ambalo Nyapara asingeingiza hata nusu ya kichwa. Alimfukuza wa tano hadi jiweni kwake, akasimama, akarudi. Shangazi alikuwa amemshika Mizani mkono wa juu na kumfinya. Mizani alihesabu: mbio saba katika dakika kumi za mwanzo, mbili katika kumi zilizofuata, kisha hakuna. Aliwakagua wote watano kwa tochi, pezi kwa pezi. Hawakuwa marafiki, wala hawakutakiwa wawe marafiki. Kila mmoja alijua mahali mwenzake anapoishia.

"Mapezi?" aliuliza mzee.

"Mazima."

Mzee alikunja mkono wa shati. Alichovya kidole, akakishusha juu ya jiwe la tatu bila kupapasa.

"Aaah! Mshenzi wewe!"

Alikitoa, akakiinua hewani kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Damu ilikuwa kidogo sana, tone moja. Mizani alikuwa ameshika plasta. Hakuifungua.

"Sasa," alisema shangazi, akijifuta macho na kulaumu mvuke wa chai, "yule mwenye duka apigiwe simu au asipigiwe?"

"Apigiwe," alisema mzee. Alikuwa ametazama kipimajoto, kona ya juu, na akili yake yote ilikuwa katikati ya tangi. "Mwambieni alete chakula. Tuko sita."

Alasiri hiyo, mzee akiwa na redio, Mizani alikwenda koridoni. Upande wa kushoto, kwenye zulia la plastiki, bado palikuwa na vishimo vinne vilivyoachwa na miguu ya kabati kwa miaka mingi. Alitoa viatu, akalisukuma kabati kuvuka njia, akaliinua pembe moja moja mpaka kila mguu ukazama mahali pake. Njia ilipungua sentimita ishirini na sita. Hakuchukua rula.

Hakumwambia baba yake. Jioni mzee alitoka sebuleni na kikombe cha chai mkono wa kulia, akipita njia ile ile aliyopita miaka yote. Alipofika, mkono wa kushoto ulishuka wenyewe, ukagusa kona ya kabati. Ulitulia hapo kidogo, ukaipigapiga mbao mara mbili, kisha ukaendelea na safari yake.